Je, Anna Anderson alijua kwamba anaigiza?

Kama Anna Anderson, mwanamke aliyetambulika duniani kwa dai hilo, alikuwa kweli Anastasia, binti mdogo wa Tsar (mfalme) Nicholas II wa Urusi, si swali tena. Jibu lilipatikana mwaka 1994, miaka 10 baada ya kifo chake. Hospitali moja ya Charlottesville, Virginia, ilikuwa imehifadhi kipande cha utumbo wake tangu afanyiwe upasuaji mwaka 1979. Wanasayansi wakalinganisha vinasaba vyake na vya ukoo wa Malkia Alexandra, mama yake Anastasia. Havikuoana. Wakavilinganisha na vya mjukuu wa dada yake Franziska Schanzkowska, mfanyakazi wa kiwandani aliyepotea Berlin mwaka 1920. Vikaoana. Waliodai kwamba sampuli ya hospitali ilibadilishwa walijibiwa na nywele zake zilizokutwa ndani ya kitabu kilichokuwa cha mumewe: matokeo yakawa yale yale.

Swali lililobaki ni gumu zaidi, na naona wengi wanalipita haraka. Alijua? Wapo wanaomwandika kama mwigizaji hodari wa karne nzima, mwanamke aliyekaa akapanga, akajifunza sehemu yake, akaicheza mpaka kaburini. Wengine wanamwona mgonjwa aliyevishwa jina na watu waliolihitaji jina hilo kuliko yeye. Pande zote mbili zina ushahidi wa kweli, ila ushahidi huo hauna uzito sawa, na hauhusu miaka ile ile. Hapo ndipo mjadala mwingi unapokwama: tunamtafutia mtu huyu hukumu moja kwa maisha ya miaka zaidi ya 60.

Ili mtu ajifanye mrithi aliyepotea, sharti kwanza mrithi apotee. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, katika nyumba ya Ipatiev mjini Yekaterinburg, kikosi cha Yakov Yurovsky kiliwaua watu 11 katika chumba cha chini: Tsar, mkewe, mabinti wao wanne, mwana wao Alexei, daktari wao Evgeny Botkin na watumishi watatu. Mabinti walikuwa wameshonea vito ndani ya nguo zao, na vito hivyo vikazuia baadhi ya risasi, hata wauaji wakaongezea singe. Miili ikapelekwa msituni, ikatumbukizwa katika shimo la mgodi, kisha ikaondolewa humo na kufichwa mahali pengine. Wabolsheviki, wanamapinduzi waliokuwa wametwaa serikali, wakatangaza kwamba Tsar peke yake ndiye aliyeuawa, na kwamba familia yake imepelekwa mahali salama.

Tangazo hilo la uongo lina mchango mkubwa katika mkasa huu kuliko hila yoyote ya mwanamke wa Berlin. Maiti hazikuonekana, kaburi halikujulikana, na serikali iliyoua ilikuwa inasema waziwazi kwamba watoto wako hai. Nikolai Sokolov, mchunguzi aliyefanya kazi chini ya jeshi la Weupe, wapinzani wa Wabolsheviki, alihitimisha kwamba wote walikufa, lakini alichokuwa nacho mkononi kilikuwa vifungo, vipande vya vito, kidole kilichokatika na vitu vya namna hiyo. Wakati huohuo Berlin ilijaa Warusi waliokimbia mapinduzi, watu waliopoteza nchi, vyeo, mashamba na ndugu kwa mkupuo. Walikuwa tayari kumpokea binti wa Tsar kabla hajatokea.

Akatokea tarehe 17 Februari 1920, usiku, ndani ya maji. Polisi walimwopoa mwanamke aliyejirusha kutoka darajani katika mfereji wa Landwehr. Hakuwa na karatasi yoyote na hakutaka kutaja jina. Alipelekwa hospitali, kisha Dalldorf, hospitali ya wagonjwa wa akili, alikokaa takriban miaka miwili akiandikwa kwenye majalada kama Binti Asiyejulikana. Mwilini na kichwani alikuwa na makovu.

Wanaosema hakuwa mwigizaji wa makusudi huanzia hapo, na wana haki. Mwishoni mwa mwaka 1921 mgonjwa mwenzake, Clara Peuthert, aliyekuwa ameona picha za familia ya Tsar gazetini, alishikilia kwamba huyu mnyamavu ni binti wa Tsar. Lakini alimtaja Tatiana, si Anastasia. Peuthert alipotoka hospitalini akawapasha habari Warusi wa Berlin, nao wakaanza kumiminika. Miongoni mwao alikuwa Sophie Buxhoeveden, aliyewahi kuwa mwandani wa Malkia. Mgonjwa alijifunika blanketi asionekane. Buxhoeveden alipomwona, akasema huyu ni mfupi mno kuwa Tatiana. Mgonjwa naye akasema hajawahi kusema kwamba yeye ni Tatiana. Baada ya hapo mmoja wa Warusi akampa orodha ya majina ya mabinti ili ayakate yasiyo lake, naye akaacha la Anastasia.

Tazama mfuatano huo. Mtu aliyepanga kudai urithi wa Warusi asingekaa kimya karibu miaka miwili akingoja mgonjwa mwenzake amwone gazetini. Jina la kifalme lilimfikia kutoka nje, na jina la Anastasia lilikuja kwa sababu kimo chake hakikutosha kwa lile la kwanza. Yeye alichangia ukimya, na ukimya huo kila mtu akaujaza alivyotaka.

Tukijua alikotoka, ukimya wenyewe unaeleweka. Franziska alizaliwa Desemba 1896 katika familia ya Wakashubi, jamii ya Kislavoni, kwenye eneo lililokuwa wakati ule Prussia Magharibi ya Ujerumani na sasa liko Poland. Alikwenda Berlin kutafuta kazi. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa kiwanda cha silaha cha AEG. Mchumba wake alikuwa amekufa vitani. Siku moja guruneti lilimponyoka, likalipuka, likamjeruhi kichwani na kumuua msimamizi mbele ya macho yake. Mwezi Septemba mwaka huo akatangazwa mgonjwa wa akili, akazungushwa hospitalini, akarudi Berlin kwenye chumba cha kupanga, na mapema mwaka 1920 akatoweka. Makovu ambayo kwa miaka mingi wafuasi wake waliyataja kuwa ya risasi na singe za Yekaterinburg yana maelezo ya kutosha ndani ya kiwanda kile. Mtu aliyepitia hayo, akajitupa mfereji wa maji, ana kila sababu ya kutotaka kurudishiwa jina lake.

Kama mkasa ungeishia hapo, ningekuwa upande huo bila kusita. Haukuishia hapo.

Machi 1927 gazeti la Berlin, Nachtausgabe, lilichapisha habari kwamba anayejiita Anastasia ni Franziska Schanzkowska. Upelelezi ulifanywa na Martin Knopf, na shahidi wake mkuu alikuwa Doris Wingender, binti wa mama mwenye nyumba aliyempangishia Franziska chumba. Wingender alieleza kwamba katika kiangazi cha mwaka 1922 Franziska alirudi kwao ghafla, akakaa siku tatu, akasimulia kwamba amekuwa akiishi kwa Warusi wa tabaka la juu ambao inaonekana wamemdhania mtu mwingine. Akabadilishana nguo na Wingender, akaondoka. Familia ya Baron von Kleist, iliyokuwa ikimlea wakati ule, ilikuwa kweli imempoteza kwa siku kadhaa mwezi Agosti 1922. Na nguo alizoziacha kwa Wingender zilipoonyeshwa, akina Kleist wakazitambua kuwa ndizo walizomnunulia.

Wafuasi wake walimshambulia Wingender kwa kuwa gazeti lilimlipa mark 1,500. Ni hoja halali. Shahidi anayelipwa lazima apimwe kwa mizani nyingine. Lakini fedha za gazeti haziwezi kueleza nguo. Na sasa kwa kuwa vinasaba vimethibitisha kiini cha maneno ya Wingender, yaani kwamba mpangaji wao ndiye yule yule, sioni kwa nini tumwamini kwenye kubwa tukamkana kwenye dogo. Kama alivyosimulia ndivyo ilivyokuwa, basi katika Agosti 1922 mwanamke huyu alijua kabisa yeye ni nani, alijua Warusi wamekosea, alijua njia ya kurudi nyumbani, akabadilisha nguo na kuwarudia waliokosea. Huo ni uamuzi, na aliufanya akiwa na akili ya kutosha kuficha nguo zinazomtambulisha. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika jalada lote, mzito kuliko masikio, mwandiko na kumbukumbu za utotoni zilizopoteza miongo ya wataalamu.

Ukishaukubali, tabia nyingine zinaanza kusomeka upya. Kule kujifunika blanketi kila anapokuja mtu mkubwa, ambako wafuasi walikuita hofu ya msichana aliyenusurika kuuawa, ni njia bora kabisa ya mtu asiyetaka uso wake uchunguzwe. Irene wa Prussia, dada yake Malkia, alipokuja kumwona mwaka 1922, mgonjwa aliondoka akakimbilia chumbani. Irene akamkana. Mgonjwa aliikataa Urusi kwa ulimi pia: alifahamu Kirusi kinaposemwa, ila kwa kawaida hakukizungumza, akisema lugha hiyo inamkumbusha wauaji. Kwa binti aliyekulia Tsarskoe Selo, makao ya familia ya Tsar, ni sababu ya kuhuzunisha. Kwa msichana aliyekua na lugha za Kislavoni za Poland, anayeweza kushika maneno ya Kirusi bila kuweza kukiongea kama mtoto wa Tsar, ni sababu ya lazima.

Lakini upande wa pili haujaishiwa. Kuna madaktari. Karl Bonhoeffer, aliyekuwa miongoni mwa madaktari wakubwa wa magonjwa ya akili Berlin, alimchunguza katika miaka ile ya 1920 na hakuona mtu anayejifanya kwa makusudi. Aliona mtu ambaye kumbukumbu zake zimesukumwa pembeni na haja ya kuzisahau. Alipolazwa tena kusini mwa Ujerumani, madaktari waliokaa naye kwa muda mrefu nao walikataa kabisa wazo la utapeli. Leo tunajua walikosea kuhusu nasaba, kwa wale waliojiingiza humo. Je, walikosea pia kuhusu nafsi? Hapana lazima. Daktari anaweza asijue mgonjwa ni mtoto wa nani na bado akaona sawasawa kwamba mgonjwa haigizi. Mtu anaweza kuanza na uongo anaoujua, akauishi mchana na usiku pamoja na watu wanaomwita kwa jina hilo, wanaomlilia, wanaomsimulia utoto wake, mpaka uongo ukashika nafasi ya kumbukumbu. Hasa mtu ambaye kumbukumbu zake halisi ni mlipuko wa kiwandani.

Na hawa waliomsimulia utoto wake tuwatazame vizuri, maana wao ndio waliobeba nusu ya mchezo. Maswali waliyomuuliza yalikuwa yamebeba majibu. Mtu akija kitandani akasema, "Unakumbuka mbwa wa kaka yako?" tayari ameacha habari mbili. Kila nyumba aliyolala ilikuwa na albamu, majarida, postikadi za familia ya Tsar. Harriet von Rathlef, aliyemhudumia kwa mapenzi kuanzia mwaka 1925 na kuandika habari zake, aliandika kila neno lililomtoka, na wageni wakapewa maneno hayo kabla ya kumwona au baada ya kumwona. Felix Dassel, ofisa aliyewahi kutibiwa katika hospitali ya mabinti wa Tsar wakati wa vita, alimtegea kwa kutaja mambo ya uongo kuhusu hospitali ile, naye akamsahihisha. Wafuasi waliona hiyo ni hati ya uthibitisho. Lakini habari za hospitali ile hazikuwa siri ya kifuani mwa Anastasia. Zilijulikana kwa watu wengi waliopita humo, na baadhi ya waliopita humo walikuwa wamejaa Ujerumani.

Kuna filamu ya Hollywood ya mwaka 1956, iliyompa Ingrid Bergman tuzo ya Oscar, ambamo Warusi wakimbizi wanamfundisha mwanamke asiye na kumbukumbu kuwa Anastasia ili wapate fedha. Picha hiyo imekaa vichwani mwa watu kiasi kwamba wengi wanadhani ndivyo ilivyokuwa. Katika mkasa halisi hajapatikana mwalimu wa namna hiyo. Hapakuwa na chumba cha mazoezi wala mtu aliyeshika maandishi ya sehemu yake. Walimfundisha bila kujua, tena wale wenye moyo safi ndio waliomfundisha zaidi.

Oktoba 1925 Olga Alexandrovna, dada yake Tsar na shangazi aliyempenda Anastasia, alifika hospitalini Berlin pamoja na Pierre Gilliard, mwalimu wa Kifaransa wa watoto wa Tsar, na mkewe Shura, aliyekuwa yaya wa Anastasia. Mgonjwa alikuwa hoi kwa kifua kikuu cha mfupa wa mkono. Shura alipotazama miguu, mifupa ya vidole gumba iliyochomoza ilimkumbusha ya Anastasia aliyemlea. Olga alitikisika. Alimwandikia Herluf Zahle, balozi wa Denmark aliyesimamia matunzo ya mgonjwa, kwamba haoni kuwa ndiye, ila hawezi kusema kwa uhakika kuwa siye. Akamtumia barua fupi na zawadi. Baadaye akamkana waziwazi, na Gilliard akawa mpinzani mkali aliyeandika kitabu kizima dhidi yake.

Wafuasi wanasema ndugu wa Tsar walibadilika kwa ajili ya mirathi. Wapinzani wanasema Olga alikuwa mwema tu kwa mgonjwa. Nadhani wote wanapunguza kilichotokea chumbani mle. Olga alitaka sana awe ndiye. Alipoteza kaka na watoto wake wote watano kwa usiku mmoja, na hakupewa hata kaburi. Watu wenye msiba wa namna hiyo hutazama uso na kuuomba uwe ule wanaoutafuta. Tatiana na Gleb Botkin, watoto wa daktari aliyeuawa pamoja na Tsar, waliocheza na Anastasia wakiwa wadogo, walimtambua na hawakumwacha tena. Siwezi kuwaita wajinga. Baba yao alikufa chumba kile kile. Aliyetoka hai chumba kile angekuwa mtu wa mwisho kumwona baba yao.

Hapo ndipo hasira yangu kwa mwanamke huyu huwa kubwa. Kama Agosti 1922 alijua, basi mwaka 1925 na 1927 aliwaacha watoto wa Botkin na shangazi mtu wamlilie akiwa anajua, au akiwa amebakiwa na kiasi fulani cha kujua. Ugonjwa unapunguza lawama hiyo, haufuti.

Turudi kwenye fedha, maana kesi yoyote ya mrithi aliyepotea huishia huko. Ilisemekana Tsar aliacha utajiri mkubwa katika Benki ya Uingereza kwa ajili ya mabinti zake. Oktoba 1928, mama yake Tsar alipofariki Denmark, ukoo ukatoa tamko la kumkana mdai. Gleb Botkin akajibu kwa barua ya wazi akimshutumu Xenia, dada mwingine wa Tsar, kwamba anataka kumwibia mpwa wake. Wakili wa Marekani, Edward Fallows, akaanzisha kampuni iliyoitwa Grandanor ya kutafuta utajiri huo, wachangiaji wakiahidiwa gawio. Utajiri haukuonekana. Fallows alifariki mwaka 1940 akiwa amemaliza na vyake.

Anayetaka kumwita tapeli wa mali hapa angetarajia kuona mdai anayepigania mali. Tunachoona ni tofauti. Watu waliomtunza aliwageuka mmoja baada ya mwingine. Marekani aliishi kwa jamaa wa Tsar aliyeolewa na tajiri, wakagombana akaondoka. Mtunzi wa muziki Rachmaninoff akamlipia hoteli. Akahamia kwa bibi tajiri wa New York, Annie Burr Jennings, akafanya vurugu mpaka mwaka 1930 akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili kwa amri ya jaji. Baada ya vita ya pili aliishi Unterlengenhardt, kijiji cha Msitu Mweusi, katika kibanda, pamoja na mbwa na paka wengi. Kesi iliyofunguliwa Ujerumani mwaka 1938 iliendeshwa na wengine. Yeye hakufika mahakamani. Mwigizaji wa fedha hasusii siku ya malipo.

Jibu la upande wa pili ni kwamba alipata kile alichokihitaji kila siku: kitanda, chakula, wahudumu, na watu wa kumsujudia. Franziska wa kiwandani asingevipata. Hili nalo ni kweli, na nadhani ndilo lililomrudisha kwa akina Kleist mwaka 1922. Msichana wa Kikashubi asiye na afya, katika Berlin ya njaa baada ya vita, alipewa kuchagua kati ya chumba cha kupanga na kuitwa binti wa Tsar. Mirathi ya London ilikuwa ndoto ya mawakili.

Kesi yenyewe ilidumu zaidi ya miaka 30 na inafundisha jambo kuhusu wataalamu ambalo naona halisemwi kwa nguvu ya kutosha. Otto Reche, mtaalamu wa maumbile ya binadamu, alilinganisha picha akasema huyu ni Anastasia ama pacha wake wa kufanana. Minna Becker, mtaalamu wa mwandiko aliyewahi kuchunguza shajara ya Anne Frank, alisema mwandiko ni wa mtu mmoja. Miaka ya 1970 mtaalamu mwingine akalinganisha masikio akapata alama 17 za kufanana, wakati mahakama za Ujerumani zilitosheka na 12. Wote hawakuwa wababaishaji, na wote walikosea. Mahakama ya juu ya Karlsruhe, iliyosema tarehe 17 Februari 1970 kwamba dai halijathibitishwa wala halijakanushwa, ilidharauliwa wakati ule na pande zote. Mimi naiona kuwa ndiyo iliyokuwa na adabu. Ilisema kile ambacho ushahidi wa wakati huo uliruhusu, ikaacha hapo.

Jambo lililoniumiza zaidi katika mkasa huu halikutokea mahakamani. Mei 1927, miezi miwili baada ya gazeti kumtaja, walimleta Felix Schanzkowski, kaka yake Franziska, akutane naye Wasserburg, Bavaria. Felix alimtazama, akasema anafanana sana na dada yake. Kisha akatia saini hati kwamba siye. Mwaka 1938 wakakutanishwa tena Hannover pamoja na dada zao. Dada mmoja, Gertrude, alipiga meza kwa ngumi akapiga kelele kwamba huyu ni dada yake. Lakini mwisho wa kikao hati za kiapo hazikutiwa saini.

Kwa nini Felix aliandika hivyo? Baadaye ilisimuliwa ndani ya familia kwamba alimtambua, wakaamua kumwacha na maisha aliyoyapata, wao wakiwa maskini wasio na cha kumpa. Nasadiki maelezo hayo. Na kama ni kweli, yanajibu swali langu kwa sehemu: katika chumba cha Wasserburg watu wawili walitazamana na wote wawili walijua. Mmoja alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe aliyeombwa kuvunja maisha ya dada yake kwa saini moja, akakataa. Mwingine aliupokea ukimya wake na kuondoka nao.

Kwa hiyo hukumu yangu naigawa kwa miaka. Dalldorf, 1920 hadi 1922, sioni mwigizaji. Naona mgonjwa anayejificha, na watu wenye njaa ya muujiza. Kuanzia Agosti 1922 mpaka angalau mwaka 1927 naona mtu anayejua. Si anayejua kila saa, maana alikuwa mgonjwa kweli na mara mbili tatu alikaribia kufa, lakini anayejua kiasi cha kubadilisha nguo na kumtazama kaka yake bila kumwita. Baada ya hapo ushahidi wa kujua unapungua, na kufika Desemba 1968, alipoolewa Charlottesville na Jack Manahan, mwalimu wa historia aliyejivunia kuitwa mkwe wa Tsar, sidhani kwamba Franziska alikuwa bado mahali pa kumpata. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ndefu kiasi kwamba aliyeianza hakuwepo mwisho wake. Alifariki Februari 1984 kwa homa ya mapafu, mwili ukachomwa, na majivu yakazikwa Seeon, Bavaria, tarehe 18 Juni, siku ya kuzaliwa kwa Anastasia.

Atakayepinga atasema kwamba ninamgawa mtu vipande ili kukwepa kumlaumu. Sikwepi. Lawama ya Agosti 1922 ni yake na inabaki yake. Ninachokataa ni kuirudisha nyuma hadi darajani au kuipeleka mbele hadi kwa bibi kizee wa Virginia, kana kwamba alikuwa na mpango mmoja mkononi muda wote. Nadharia ya mwigizaji mkuu inapendeza kwa sababu inampa akili na ushujaa wa kutunga. Inawapa pia nafuu wale waliomwamini: kudanganywa na hodari si aibu. Ukweli, kwa jinsi ninavyousoma, ni kwamba hakuhitaji kuwa hodari. Alihitaji kunyamaza, kufunika uso, na kuwa na makovu.

Kuhusu Anastasia mwenyewe hakuna mlango uliobaki wazi. Kaburi la siri karibu na Yekaterinburg, lililogunduliwa mwaka 1979 na kufukuliwa mwaka 1991, lilikuwa na watu tisa. Wawili walikosekana, Alexei na dada yake mmoja, na upungufu huo uliwapa matumaini waliokuwa bado wanatumaini. Mwaka 2007 mabaki ya hao wawili yakapatikana si mbali na hapo, na vinasaba vikathibitisha. Anastasia alikuwa na miaka 17 na hakutoka hai chumba kile.

Franziska Schanzkowska ndiye ambaye bado hajatendewa haki. Vitabu, makala na maelezo ya majumba ya makumbusho bado yanamwita Anna Anderson, jina lililoandikishwa katika hoteli ya Garden City, New York, mwaka 1928 ili kuwakwepa waandishi wa habari. Hakuna sababu ya kitaaluma ya kuendelea nalo tangu mwaka 1994. Linamfanya asimame mahali fulani kati ya binti wa Tsar na mfanyakazi wa kiwanda, kana kwamba swali bado liko wazi. Na linawaficha watu wawili waliokuwa na haki ya kutajwa katika kila simulizi la mkasa huu: msimamizi aliyekufa kwa guruneti lile la mwaka 1916, na mfanyakazi aliyepona. Waandishi wa historia waanze kumwandika kwa jina lake.